Jinsi ya Kutengeneza Kabati la Droo Sita la Kuhifadhia Vifaa vya Kazi za Mikono

Nianze na droo au na kabati? Ni lazima ninunue reli za chuma? Mbona droo yangu upande mmoja inaingia na upande wa pili inagoma? Kila anayejaribu kazi hii kwa mara ya kwanza huuliza hayo hayo, na karibu yote yana jibu moja: droo hukatwa kwa kufuata kabati lililokwisha kusimama, si kwa kufuata mchoro. Ukikata vipande vyote siku moja kutoka kwenye karatasi utapata droo sita nzuri ambazo haziingii popote.

Kabati la mwongozo huu lina upana wa mm 420 juu, kimo cha mm 618 na kina cha mm 380. Linakaa juu ya meza au chini yake. Lina droo tatu fupi za shanga, vifungo na sindano, mbili za kati za nyuzi na utepe, na moja ya chini yenye kimo kwa ajili ya vitambaa, sufi au chupa za rangi. Ndani ya kila droo kuna nafasi ya mm 314 kwa 306, kwa hiyo karatasi ya A4 inalala bila kukunjwa.

Reli za chuma hatutumii. Kitako cha kila droo kinazidi mbavu zake kwa mm 12 kila upande, na huo ulimi unateleza kati ya fito mbili zilizobandikwa ndani ya kabati. Droo haiinamishi pua ukiivuta, na zile zenye kimo sawa unaweza kuzibadilishia nafasi utakavyo. Reli za chuma ni nzuri kwa mizigo mizito, lakini zinataka usahihi ambao mwanafunzi bado hana, na kwa shanga na nyuzi ni gharama ya bure.

Kabla ya kununua mbao

Toa vifaa vyako vyote uvitandaze sakafuni, kisha pima kilicho kirefu kuliko vyote. Droo ya chini ina kimo cha ndani cha mm 125, za kati mm 85, fupi mm 60. Kama chupa yako ya gundi ina mm 140, ibadilishe hesabu leo, kwenye karatasi, sio baada ya kukata. Wanaotumia karatasi za mraba za inchi 12 wajue kwamba hizo ni mm 305, nazo zitaingia kwa kubanana mno. Waongeze mm 15 kwenye kina cha kabati na cha droo, na kwenye kibao cha juu pia.

Kishawishi kingine ni kupanua kabati ili droo ziwe pana. Jizuie. Droo pana yenye kina kifupi hukaa mshazari ikivutwa, na hapo ndipo inapokwama. Ukitaka nafasi zaidi, tengeneza safu mbili zenye ubao wa kati.

Vinavyohitajika

Mbao:
- Plaiwudi ya mm 18, nusu shiti (shiti nzima ni mm 1220 kwa 2440): kasha na nyuso za droo
- Plaiwudi ya mm 12, nusu shiti: masanduku ya droo na fito
- Plaiwudi ya mm 6, nusu shiti: vitako vya droo na mgongo wa kabati

Vya kufungia: gundi nyeupe ya mbao, skrubu za mm 4 × 50 (20), mm 3 × 25 (100) na mm 3 × 20 (70), misumari myembamba ya mm 30, vishikio sita.

Zana: futi ya chuma, skwea, penseli iliyochongwa, msumeno wenye meno madogo, drili na keekee za mm 2, 3 na 5, bisibisi, nyundo, randa ndogo, klampu zisizopungua nne, msasa namba 120, 180 na 240, na kipande cha mshumaa.

Kinga: miwani na barakoa. Unga wa plaiwudi ni mwembamba na una gundi ndani yake, usiuvute. Glavu vaa unapobeba mbao, lakini zivue unaposhika drili, maana ikikamata kitambaa inavuta na kidole.

Kama kuna karakana inayokata kwa mashine, wape wakukatie vipande vikubwa vya kasha. Si uvivu. Kona zikiwa mraba tangu mwanzo, nusu ya matatizo yatakayofuata hayatakuja.

Kazi yenyewe

1. Kata kasha. Kutoka plaiwudi ya mm 18 toa mbavu mbili za mm 600 × 350, kitako kimoja cha mm 364 × 350 na kibao cha juu kimoja cha mm 420 × 380. Tenga pia kipande kizima cha mm 400 × 600 kwa ajili ya nyuso za droo, ila usikikate bado. Kumbuka msumeno nao unakula mbao, mm 2 hadi 3 kila unapopita: kata kipande kimoja ndipo upime kinachofuata. Ukichora mistari yote kwa pamoja, kila kipande kitapungua kidogo na cha mwisho kitakuja kifupi.

   Weka mbavu mbili pamoja uone kama zinalingana. Zikitofautiana, zibane kwa klampu uzipige randa zikiwa zimeshikana. Kulingana kwao kuna maana kuliko kufika mm 600 kamili.

2. Kata fito na kigezo. Kutoka plaiwudi ya mm 12 kata fito 22 zenye upana wa mm 15 na urefu wa mm 340. Kisha kata ubao mmoja wa mabaki wenye kimo cha mm 511 na upana wa mm 300 hivi. Huo ndio kigezo chako, na ndio siri ya kazi yote. Tengeneza pia kipande cha kuweka nafasi chenye unene wa mm 8: chukua kipande cha plaiwudi ya mm 6 ukibandike karatasi ngumu mpaka kifike.

3. Funga fito kwenye mbavu. Laza mbavu mbili mezani, nyuso za ndani zikitazama juu na kingo za mbele zikikutana katikati. Andika KUSHOTO na KULIA, chora mshale wa juu, na uandike MBELE kwenye kingo hizo. Usipuuze hili. Kosa linaloongoza kwa wanaoanza ni kutengeneza mbavu mbili za kushoto, na linagunduliwa fito zote zikiwa zimeshakauka.

   Simamisha kigezo kwenye ukingo wa chini wa ubavu, yaani kilale juu ya ubavu na mwisho wake ulingane sawasawa na ukingo huo. Weka ufito ukiegemea mwisho wa juu wa kigezo, ncha yake ikiwa sawa na ukingo wa mbele. Paka gundi, fungia skrubu tatu za mm 3 × 25. Hamisha kigezo hicho hicho kwenye ubavu wa pili ufanye vivyo hivyo. Rudi, weka kipande cha mm 8 juu ya ufito ulioufunga, egemeza ufito wa pili juu yake na uufunge. Njia ya droo ya kwanza tayari.

   Sasa punguza kigezo mpaka mm 434, urudie pande zote mbili. Kisha mm 357, kisha 254, kisha 151. Mwisho kipunguze kifike mm 26: hapo unafunga ufito mmoja tu kila upande, kwa kuwa droo ya chini kabisa inateleza juu ya kitako cha kabati na inahitaji ufito wa juu peke yake.

   Kwa nini kigezo na si futi? Kwa sababu futi utaisoma mara 22, na mara moja kati ya hizo utaisoma vibaya. Kigezo kikikosea, kinakosea sawa kushoto na kulia, na droo haijali kama iko mm 434 au 435 mradi pande zote ziko sawa.

   Onyo: ufito wa mm 12 na ubavu wa mm 18 jumla ni mm 30. Skrubu ya mm 30 itachungulia nje ya kabati. Na kabla ya kila skrubu toboa tundu la mm 2, la sivyo ufito mwembamba utapasuka.

4. Unganisha kasha. Weka kitako kati ya mbavu, uso wake wa chini ulingane na ncha za chini za mbavu. Paka gundi, bana kwa klampu, toboa kwa keekee ya mm 3, kisha funga skrubu nne za mm 4 × 50 kila upande. Kibao cha juu kifunge vivyo hivyo juu ya mbavu, kikizidi mm 10 kushoto na kulia. Nyuma kizidi mm 6, ambazo ndizo unene wa mgongo, na kinachobaki kiende mbele; huko ndiko nyuso za droo zitakakojificha.

   Gundi ikiwa bado mbichi, pima mbavu na kitako kutoka kona hadi kona, mara mbili, kama alama ya X. Vipimo viwili vikifanana, karibu mm 721 kila kimoja, kasha ni mraba. Visipofanana, weka klampu kwenye mshazari ule mrefu na ubane taratibu mpaka vilingane. Hapo hapo funga mgongo wa mm 600 × 400 kwa gundi na skrubu za mm 3 × 20, moja kila mm 120 hivi. Mgongo ndio unaolishika kasha lisicheze. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa kibichi, kwa sababu ikikauka pale vanishi haitashika na doa litabaki. Acha klampu saa moja, na kazi nzima ipumzike saa 24.

5. Pima upya, ndipo ukate droo. Pima upana wa ndani kati ya mbavu, mbele na nyuma, juu, katikati na chini. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Tuseme ni mm 364:
   - upana wa kitako cha droo = kipimo hicho kutoa mm 2, yaani 362
   - upana wa sanduku la droo = kipimo hicho kutoa mm 26 (fito mbili za mm 12 na mm 2 za kupumulia), yaani 338

   Kasha lako likitoka mm 361, basi ni 359 na 335. Hakuna aibu. Angalia pia unene halisi wa plaiwudi yako, maana inayouzwa kama mm 12 mara nyingi hupungua kidogo; toa unene uliopima, si ulioandikwa.

   Kwa kila droo kata mbavu mbili za urefu wa mm 330, na vipande viwili vya mbele na nyuma vya mm 314 (upana wa sanduku kutoa unene wa mbavu mbili). Vimo ni mm 60 kwa droo tatu, mm 85 kwa mbili, mm 125 kwa moja. Vitako sita vya mm 362 × 330 vinatoka kwenye plaiwudi ya mm 6.

6. Unganisha masanduku. Vipande vya mbele na nyuma vikae kati ya mbavu. Gundi na misumari ya mm 30, miwili au mitatu kila kona. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba kuliko msumari ili tabaka za plaiwudi zisifunguke. Kitako ndicho skwea yako ya pili: kama umekikata mraba, sanduku likilazwa juu yake litajirekebisha. Kiweke kizidi sawa pande zote mbili, mm 12 kushoto na 12 kulia, kisha kifunge kutoka chini kwa gundi na skrubu za mm 3 × 20. Panua mdomo wa kila tundu kwa keekee ya mm 5 ili vichwa vya skrubu vizame, hasa kwenye droo ya chini, ambayo tumbo lake linagusa kitako cha kabati.

7. Jaribu na ulainishe. Ingiza kila droo kwenye njia yake. Inatakiwa iende kwa kidole kimoja. Ikigoma, usiilazimishe: ivute, tafuta mahali palipong'aa au kuchafuka, papige msasa kidogo, jaribu tena. Zungusha kidogo kona za mbele za fito na kona za nyuma za vitako ili droo ijielekeze yenyewe. Ikishaenda vizuri, sugua mshumaa kwenye ndimi na ndani ya njia. Mafuta ya kupikia yasikaribie hapa, yanavuta vumbi na kunata.

   Andika namba nyuma ya kila droo. Zenye kimo sawa zinabadilishana, lakini kila moja ina njia inayoipenda.

8. Nyuso za droo. Rudi kwenye kile kipande cha mm 400 × 600. Pima kwanza upana halisi wa kabati kwa mbele ukirekebishe. Kata kutoka chini kwenda juu: mm 160, 100, 100, 74, 74, 74. Zipe namba kabla ya kuzitenganisha. Zikipangwa kwa mfuatano ule ule, nyuzi za mbao zitapanda kutoka droo hadi droo kama ubao mmoja, na hapo ndipo kabati la mkono linapolishinda la dukani.

   Anza na droo ya chini. Ukingo wa chini wa uso ulingane na ukingo wa chini wa kasha. Bana kwa klampu, toa droo pamoja na uso wake, funga skrubu za mm 3 × 25 kutoka ndani ya sanduku. Uso unaofuata uweke juu ya vipande viwili vyenye unene wa mm 3, na kuendelea hadi juu. Matundu kwenye sanduku yatoboe makubwa kidogo, mm 5, na uweke washa (viduara vya chuma vyenye tundu katikati) chini ya vichwa vya skrubu: ukiona uso umeinama unalegeza, unasogeza, unakaza.

9. Vishikio. Kimoja katikati ya kila droo kinatosha. Ukiweka viwili, siku utakayovuta kimoja tu droo itakwenda upande. Bolti ya kishikio inapita uso na sanduku, mm 30 za mbao, na nyingi zinazokuja na vishikio ni fupi kuliko hapo. Angalia kabla.

10. Msasa na vanishi. Namba 120, 180, 240, ukifuata nyuzi. Futa vumbi, paka vanishi nyembamba mara mbili au tatu na msasa wa 240 katikati. Ndani ya droo acha mbao tupu au paka vanishi ya maji; mafuta ya mbao yatatia doa vitambaa na karatasi. Ndani ya njia usipake chochote zaidi ya nta. Kama nje umetumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyopakia usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke au vizamishe majini.

11. Vigawanyo. Kwa droo za shanga, kata vipande vya mabaki ya mm 6 vyenye kimo cha mm 50. Kata pengo la mm 25 kutoka juu kwenye vya urefu na kutoka chini kwenye vya upana, vipishane. Usivigundishe. Mahitaji yako yatabadilika.

12. Funga ukutani. Droo zote zikivutwa kwa pamoja zikiwa zimejaa, kabati litaangukia mbele. Kipande cha chuma chenye umbo la L na skrubu ukutani vinatosha. Palipo na watoto, hatua hii si ya hiari.

Mambo yakienda kombo

*Droo inaanza vizuri, katikati inakwama.* Mbavu za kabati zimejikunja ndani, au gundi imekauka ndani ya njia. Pitisha kipande cha mm 6 peke yake kwenye njia. Kikikwama na chenyewe, tatizo ni gundi au ufito. Kikipita, punguza ulimi wa droo kwa randa, nusu milimita kwa mara moja.

*Droo inacheza kushoto na kulia.* Umeikata nyembamba. Bandika ukanda wa karatasi ngumu au veneer (ubao mwembamba kama karatasi) kwenye ukingo wa ulimi mmoja, upige msasa mpaka ikae. Hakuna haja ya kukata droo nyingine.

*Uso wa droo umegusa kasha upande mmoja tu, mwingine umeacha mwanya.* Weka droo mezani uipime kona hadi kona. Ikiwa sanduku si mraba, legeza skrubu za uso na uchomeke kipande chembamba kati ya uso na sanduku upande unaogusa kasha. Ikiwa sanduku ni mraba, ni kasha lililopinda: liangalie limesimama juu ya nini. Sakafu isiyo sawa inalipinda kasha zima, na kipande cha mbao chini ya kona moja kinamaliza ugomvi.

*Zote zilikuwa zinateleza, sasa hewa ina unyevu na zinabana.* Subiri kidogo kabla ya kushika randa. Ukizipunguza zikiwa zimevimba, zitacheza zikikauka. Sugua nta kwanza. Zikiendelea kubana hata baada ya hewa kukauka, punguza.

*Kitako kimeinama katikati.* Umejaza shanga za kioo au vyuma kwenye droo iliyokusudiwa nyuzi. Geuza droo, gundisha ufito wa mm 6 chini ya kitako, katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye droo ya chini hautakuwa na nafasi ya kupita, kwa hiyo hiyo badilisha kitako.

*Vanishi inanata baada ya siku kadhaa.* Ulipaka nene, au tabaka la pili juu ya la kwanza bichi. Fungua droo zote, weka kabati penye upepo na kivuli, na vitambaa vikae mbali mpaka harufu iishe kabisa. Ikigoma kukauka, ikwangue uanze upya.